Viatu vya Theluji Kwenye Posa ya Deo

Nimeaibika leo kwa shilingi elfu thelathini na tano, suruali moja ya kitambaa na heshima ya ukoo. (Nimejumlisha mara mbili. Heshima ndiyo iliyopandisha bei.)

Mdogo wangu Deo anataka kuoa binti wa milimani, Editha, upande wa Mgeta. Mshenga ni mimi. Hakuna aliyeshangaa. Nauza spea za pikipiki Kihonda, na mteja nikishamkamua huondoka ananishukuru. Ukoo ukasema: huyu huyu. Sasa kule kwao Editha mwenye neno ni mjomba, na mjomba huyo, Mzee Kosmas, alishakataa posa mbili za watu wengine. Moja kwa sababu mshenga alikuwa anatafuna bablishi. Deo wa watu hali, halali.

Usiku mvua imenyesha. Mnaujua udongo wa Uluguru ukilowa: unakuteremsha kabla hujaamua kushuka. Mwenzangu wa safari, baba mdogo Fidelis, akaja asubuhi na mabuti ya mvua, yale meusi ya shambani.

"Shikamoo, baba mdogo. Tunaenda kuposa au kupalilia?"

"Marahaba. Mimi naenda kufika."

Nikacheka. (Kicheko hicho nacho kiingizwe kwenye hasara.)

Nikapita mjini kwa Shabani, muuza mitumba wangu wa siku zote. Nikamwambia nataka kiatu kisichoteleza, lakini chenye heshima ya mshenga. Akanitolea mabuti ya mvua. Nikakataa. Akatoa raba zenye meno. Meno yenyewe ya kizee, yameisha. Ndipo nikaviona pembeni: viatu vyekundu vya plastiki ngumu, virefu hadi katikati ya muundi, kila kimoja na vibano vinne vya chuma. Kukinyanyua kimoja ni kama kunyanyua betri ya lori. Kando yake, mbao mbili ndefu nyembamba, zimepinda ncha.

"Hivi ni nini?"

"Vya Ulaya, kaka. Wanavaa kwenye theluji. Vinakwenda na mbao zake."

"Theluji inateleza?"

"Kuliko sabuni!"

"Na wao wanavaa hivi?"

"Hivi hivi."

Sasa nipingeni. Mtu anayeishi juu ya barafu, akienda kuchagua kiatu, si atachagua kinachoshika? Kama kinashika barafu, tope la Mgeta ni nini? Shabani akafungua mdomo anieleze habari za zile mbao. Nikamkatiza, maana namjua, anataka kunibambikia.

"Mbao tengenezea benchi. Viatu elfu ishirini."

Alitaka hamsini. Tukakutana thelathini na tano, na juu yake nikamkamua nyongeza: fimbo mbili nyepesi za chuma, zina visahani karibu na ncha. Nikaondoka kifua mbele.

Kifua mbele kweli, kwa sababu ukivivaa huwezi kunyooka. Vinakuinamisha, magoti yamekunjwa, kama mtu anayenyemelea kuku. Nikasema poa, ndio mkao wa adabu.

Bodaboda zikatuacha mwisho wa barabara. Nyumba ya Mzee Kosmas iko chini, njia inapita katikati ya matuta ya mboga. Wenyeji wako uani, wanatutazama. Baba mdogo akaniambia, "Tangulia, mshenga ndiye anayepiga hodi."

Nilitangulia!

Hatua ya kwanza ilishika. Ya pili sikuipiga mimi. Jamani, ile soli ni laini kama sahani ya udongo! Nikashuka wima, fimbo zote mbili juu, tai inapepea begani. Nikapita karoti. Nikapita kabichi. Nikasikia mama mmoja anapiga kelele, "Nani huyo anakuja?" Nami, kwa kuheshimu taratibu, nikajibu kwa sauti kubwa:

"Hodi!"

Nikaishia kwenye rundo la maganda ya njegere nyuma ya jiko. Suruali ikasema chwaa.

Mzee Kosmas akasimama juu yangu, mikono nyuma.

"Shikamoo, mzee," nikasema kutoka kwenye maganda.

"Marahaba. Karibu. Wengine huwa wanatembea."

Nikajifuta, nikajikusanya. Bado nilikuwa na ulimi wangu, na mshenga ni ulimi. Tukafika mlangoni. Viatu vinavuliwa nje. Nikashika vibano: vimejaa tope, havifunguki. Baba mdogo akavuta. Hakuna. Wakaja shangazi wawili wa Editha, kila mmoja na mguu wake. Wakanikokota uani mpaka karibu na zizi la mbuzi. Viatu vimo miguuni, vimetulia. Nikachechemea kurudi mlangoni.

"Mzee, naomba nisemee hapa nje, nimesimama."

"Hapa posa husemwa ndani, mtu yuko chini mkekani," akasema Mzee Kosmas. "Na viatu havivuki kizingiti. Ukishindwa, rudi siku nyingine." Kwa sura ile, hiyo siku nyingine haikuwepo.

Nikamtazama baba mdogo. Baba mdogo akautazama mlima. Nikamfikiria Deo na simu yake mkononi.

Nikalala chali.

Kichwa na kiwiliwili ndani, mkekani. Miguu nje, na viatu vyake. Kizingiti chini ya magoti. Nikaposa hivyo, naongea na kenchi za paa! "Wazee wetu, tumekuja kuomba jiko..." Nje kuku akapanda juu ya kiatu changu cha kulia, akatulia. Wanawake walikuwa wameziba midomo kwa kanga, mabega yanaruka.

"Mbuzi sita, na blanketi zito la bibi," akataja Mzee Kosmas.

Siku nyingine ningeanza na mbuzi wawili na shuka. Lakini mtu aliyelala chali hana bei.

"Sawa," nikasema.

Baba mdogo akapaliwa. Hajawahi kulisikia neno hilo mdomoni mwangu.

"Posa imepokelewa."

Vigelegele! Deo kapigiwa simu, kalia kama mtoto. Basi, nikajua yameisha. Mzee akaniinamia.

"Ila bibi yake Editha yuko shamba, hakukuona. Siku ya mahari uje na viatu hivi hivi, ushuke njia ile ile."

"Mzee, ni utani?"

"Mbuzi ni utani?"

Hivi sasa niko nyumbani, vimevuliwa kwa spana, miguu iko kwenye beseni. Mahari ni mwezi ujao na mvua bado ipo. Msicheke. Mwenye ndugu anayeishi kwenye theluji amuulize jambo moja tu, aniandikie hapa: vinasimamishwaje?