Birika Langu na Fyuzi ya Bluu

Jumatatu, 5 Mei

Wewe uliyefungua daftari hili, lifunge. Kama huwezi, basi apa. Apa kwamba hakuna neno litakalotoka humu likamfikia Joyline, wala Madam Jemutai, meneja wetu, ambaye Ijumaa ataamua kama naajiriwa kabisa au narudi Ahero na shahada yangu chini ya kwapa. Miezi sita nimekuwa karani wa majaribio katika chama hiki cha wakulima wa mahindi. Miezi sita sijachelewa hata dakika moja. Nakusihi.

Sasa sikia dhuluma. Joyline anashika ufunguo wa masjala na pia, kwa sababu ambazo hakuna aliyewahi kunieleza, thamosi ya chai. Mimi hupewa kikombe cha mwisho. Utando wa maziwa na majani! Nikilalamika ananiita Bwana Sahihi, ati niandike barua, nakala tatu. Ni kweli mimi ndiye niliyetunga kanuni kwamba hakuna kitu kitoke masjala bila sahihi na sababu. Kanuni nzuri. Madam aliisifu mbele ya watu.

Leo nimejikomboa. Nilinunua birika dogo la umeme, la kuchomeka garini kwenye tundu la kiwashio cha sigara. Saa saba Mzee Nicanor, dereva wetu, alienda kula, akaacha ufunguo kwenye msumari wake. Nikaingia gari la ofisi, nyuma ya ghala. Nikachomeka. Maji yakaanza kuimba. Tap! Kimya. Redio nayo ikafa katikati ya matangazo ya vifo.

Nikalisukuma birika chini ya kiti, nikatoka. Hakuna aliyeniona.

Jumanne, 6 Mei

Mzee Nicanor anatafuta aliyeua redio yake. Anasema mtu wa umri wake lazima ajue kila asubuhi nani anazikwa na wapi, asije akakosa kwenda. Aliniuliza mimi kwanza! Kwa nini mimi? Nilisema siijui redio ya gari. Akauliza kama kweli siijui. Nikasema sijui redio yoyote. Akasema sawa, kijana wangu, labda ni fyuzi tu, ataangalia Jumamosi binti yake akimletea miwani mpya ya kusomea.

Jumamosi! Siku moja baada ya barua yangu ya ajira! Na kama akiangalia mapema?

Fyuzi, basi. Nilienda masjala kuomba kitabu cha gari. Joyline aliuliza karani wa mahindi anataka nini na kitabu cha gari. Nikasema najisomea. Akanisukumia rejista, akacheka, akasema tafadhali Bwana Sahihi, hata safu ya sababu ijazwe, ni sheria. Nikajaza: “Maendeleo ya kibinafsi.” Amewasomea wote jikoni.

Lakini nimejua. Kisanduku kiko chini ya usukani. Fyuzi ya redio na kiwashio ni ya bluu, namba kumi na tano. Iliyoungua utaiona waya wake wa ndani umekatika. Nilitaka kuendelea kusoma, saa kumi ikagonga, na vitabu vyote hurudishwa saa kumi. Kanuni yangu.

Jumatano, 7 Mei

Nimeinama chini ya usukani kama kuku anayetafuta mchwa. Nikaichomoa kwa kucha. Waya umekatika, umeacha weusi kwenye plastiki. Ndiyo yenyewe!

Fyuzi mpya ziko kwa Betty, duka la spea mkabala nasi. Lakini dirisha la Joyline linatazama mlango wa Betty siku nzima. Nikafikiri. Kwenye kisanduku kulikuwa na fyuzi nyingine ya bluu, namba ile ile, imekaa tu. Nikaihamisha. Sikuiba. Kitu hakikutoka ndani ya gari. Ni uhamisho wa ndani, kama tunavyofanya na mafaili. Ile mbovu nikaiweka mahali pa ile nzima, ili pasikae wazi. Mimi ni mtu wa utaratibu.

Redio ikasema! Mzee mmoja wa Timboroa ameitwa na Bwana, mazishi Jumamosi. Sijawahi kufurahia kifo namna ile.

Alhamisi, 8 Mei

Waliotengeneza gari hili washtakiwe! Ni mtu wa aina gani huweka fyuzi za rangi moja kwa redio na kwa waipa za kufutia kioo?

Madam alikuwa na mkutano wa wakulima Chepsaita. Walipopita Turbo ikanyesha mvua ya mawe. Mzee Nicanor akawasha waipa. Hazikuamka. Wakakaa kando ya barabara saa nzima, redio ikiwasomea vifo. Wakulima walisubiri, wakachoka, wakaenda zao. Madam amerudi na matope hadi magotini, akasema dereva asiyekagua waipa msimu wa mvua anataka kumuua. Akaniita. Andika barua ya onyo.

Mimi!

Mzee Nicanor amebakisha mkataba mmoja kabla ya kustaafu. Madam alisema wazi kwamba mwenye onyo haongezewi mkataba. Nilikosea herufi mara tisa. Barua yake na yangu zitatiwa sahihi kesho, zimelala kwenye jalada moja, yangu juu.

Kisha Mzee Nicanor akaja mwenyewe mezani pangu. Hana miwani, akaomba nimsomee. Nikamsomea. Akasikiliza kofia ikiwa mkononi. Nilipomaliza akasema Kiswahili cha barua hiyo ni kizuri sana, akauliza nani ameiandika. Nikasema ni mashine.

Ni haki kweli, kumfanyia hivi mtu aliye kwenye majaribio?

Ijumaa, 9 Mei

Saa mbili kamili nilikuwa kwa Betty, nimejifunika kofia ya mvua. Nilimpa fyuzi mbovu ndani ya bahasha yenye muhuri wa SIRI. Akaifungua polepole, akaangua kicheko. Alidhani nimemletea jino. Fyuzi yenyewe ni shilingi ishirini! Nimekonda kilo mbili kwa shilingi ishirini!

Nikakimbia, nikaipachika. Waipa zikapepea kama watu wanaoaga.

Lakini waipa haziwezi kufuta barua. Nilienda mlangoni kwa Madam niseme kila kitu. Naapa. Mkono ulikuwa kwenye kitasa. Ndani nikasikia sauti ya Mzee Nicanor. Alikuwa anasema fyuzi huungua, Mama, ndiyo kazi yake, nyingine imewekwa, aje ajionee. Wakatoka. Nikajificha nyuma ya mapazia. Madam alitazama waipa, akamtazama mzee, akarudi akaichana barua ya onyo. Halafu akaitia sahihi barua yangu ya ajira. Nimeajiriwa!

Jioni Mzee Nicanor aliniita nyuma ya ghala, akanipa kitu kilichofungwa kwa gazeti. Birika langu. Nilikuwa nimesahau kwamba kila kitu changu hukibandika karatasi: MALI YA B. OKEYO. USIGUSE. Alilipata Jumatatu ile ile, akamwomba mlinzi wa lango amsomee karatasi. Alikuwa anangoja niseme mwenyewe. Na asubuhi ya leo aliona miguu yangu ikitoka mlangoni mwa gari. Akanifunulia mfuniko wa kisanduku cha fyuzi: upande wa ndani kuna za akiba, zote nzima, bluu mbili. Akasema fyuzi imewekwa iungue ili gari lisiungue, na siku nyingine nikitaka chai nimwambie, kwake chai haiishi.

Siku nne amenitazama nikiteseka! Na anajiita mtu mzima!

Jumatatu, 12 Mei

Mimi ni mfanyakazi kamili, na Joyline amenipa utando tena. Safari hii akaniletea na rejista ya chai niweke sahihi. Safu ya sababu akaijaza mwenyewe: “Kiu.”

Haiwezekani!

Nimerudi kwa Betty. Kama kumi na tano iliungua, dawa ni thelathini. Ni hesabu ya darasa la pili. Amenionya kwamba waya zitachemka. Nikamwambia nimesoma kitabu cha gari, na sahihi yangu iko masjala kuthibitisha. Mzee Nicanor ameenda kula. Fyuzi ya kijani imekaa vizuri, birika linaimba, redio inaendelea. Kuna harufu ya mpira. Ni upya wa fyuzi.

Ukinihitaji, usipige simu ya ofisi. Joyline ndiye hupokea. Pita lango la nyuma, zunguka ghala, gonga kioo cha kushoto mara mbili kisha kohoa. Ukiona mvuke, karibu, njoo na kikombe chako. Ukiona moshi, usinitafute. Mtafute Mzee Nicanor, na umwambie kwamba mimi sijui gari lolote.