Gia ya Nane na Kiti cha Mogaka

Jumapili, 10 Machi 2019

Nimefika Ziwa Joe Pool saa nzima nyuma ya wenzangu. Jana usiku saa zilisogezwa mbele. Nchi nzima iliambiwa, ila saa ya jikoni kwangu haikuambiwa.

Mwenzetu Gaudence alikuwa ameshavua samaki watatu aina ya bass. Mimi nikavua majani.

Mogaka, yule Mkenya mwenye boti, ametangaza habari nzito. Tarehe 30 anakwenda Ziwa Conroe kushindana na wenzetu wa Houston. Boti ina viti viwili. Cha pili atampa mmoja kati yangu na Gaudence, baada ya kutupima Jumapili ya tarehe 24. Wengine wote wanaogopa maji, au wanaogopa wake zao.

Tatizo dogo. Tangu Krismasi nimemwambia Leonce kuwa mimi ndiye nahodha wa Dallas. Leonce ni kaka wa mke wangu, anakaa Houston. Tangu nimwoe dada yake hajanisifia kitu chochote. Siku hiyo atakuwepo ukingoni na ukoo mzima. Kiti lazima kiwe changu.

Jumanne, 12 Machi

Kazini, Richardson. Bosi alidhani nasoma ripoti ya seva. Nilikuwa nasoma habari za gia.

Kumbe rili, kile kifaa cha kukunjia mshipi kwenye fimbo, ina gia kama gari! Yangu ni ya sita: ukizungusha mpini mara moja, kigurudumu chenye mshipi kinazunguka mara sita na ushei. Zipo za nane. Hesabu ni nyepesi. Mshipi ukirudi haraka, nitarusha mara nyingi. Nikirusha mara nyingi, nitavua wengi. Ajabu hakuna aliyewaza hili. Nimeagiza ya nane.

Natalia kasema haraka haraka haina baraka. Nikamjibu chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Akauliza mwana gani tena, si tunaongelea samaki? Mke wangu hana moyo wa ushindani.

Jumamosi, 16 Machi

Nimeijaribu gia ya nane. Mkono umevimba.

Sikujua hivi visamaki vya plastiki tunavyotumia kama chambo vina ubishi. Wenyeji wanaviita crankbait. Kila kimoja kina ulimi mpana mbele, ukikivuta kinazama na kutikisika, na kadiri unavyovuta kwa kasi ndivyo kinavyokataa. Kwa gia ya nane ni kama kupanda mlima Kitonga kwa gia ya mwisho na lori limejaa saruji. Samaki: hakuna. Natalia ni nesi. Kanichua mkono huku anacheka. Sijapenda.

Lakini safari haikuwa bure. Gaudence aliniomba nimshikie fimbo afunge viatu. Nikachungulia rili yake. Gia ya tano! Polepole kama konokono! Basi siri yote ni hiyo. Mtu haendi kanisani na kuficha gia namna ile.

Jumatano, 20 Machi

Madukani gia ya tano ya aina ile imekwisha. Wamesema nisubiri mwezi ujao. Mwezi ujao Leonce atakuwa ameshanimaliza.

Nimewaza siku mbili. Leo jibu limekuja nikiwa kwenye kikao. Utani! Mimi Mpare, Gaudence Mchaga, makabila yetu ni watani tangu zamani. Mtani akichukua kitu chako mbele za watu, huruhusiwi kununa. Ukinuna, umeaibika wewe. Mababu zetu walilijua hili kabla ya rili kuvumbuliwa.

Jumamosi tumealikwa kwake, Cedar Hill. Nitachukua mbele ya mashahidi, siku moja kabla ya kupimwa. Hatapata muda wa kununua nyingine. Sijui kwa nini sikusomea uanasheria.

Jumamosi, 23 Machi

Imefanikiwa!

Tumekula mtori na nyama choma. Sebule imejaa. Nikainuka, nikaenda pale kwenye kona, nikafungua rili kwenye fimbo yake, nikatangaza kuwa Mpare kachukua chake. Makofi. Vigelegele. Natalia aliangalia dari.

Gaudence kacheka hadi kutoa machozi. Akasema: “Afadhali rili! Nilivyoona Mpare kasimama, nikajua nimeshtakiwa.” Watu wakaangua kicheko, maana Wapare tunasifika kwa kesi. Mke wake kanifungia rili kwenye mfuko na kuniongezea ndizi.

Kisha Gaudence akasema na yeye ni mtani wangu. Akatoka hadi kwenye gari langu, akachukua gia ya nane. Nilijifanya kusikitika. Moyoni nilikuwa naimba. Achukue! Na uvimbe wake achukue.

Njia nzima Natalia alikuwa anatikisa kichwa. Nadhani alikuwa anastaajabu.

Jumapili, 24 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Tulianza vizuri. Boti moja, Mogaka kakalia ndoo katikati kama mwamuzi. Gia ya tano ni laini, haina ubishi. Ila mshipi unarudi polepole mno. Nikaona Gaudence atarusha mara mbili kabla yangu. Kwa hiyo nikazungusha haraka ili kufidia. Nikazungusha zaidi. Ilipofika saa tatu asubuhi vidole vilikuwa havinisikii.

Gaudence alikuwa na gia yangu ya nane. Anazungusha kidogo, anapumzika, kama mama anayekoroga uji wa mtoto. Huku anamsimulia Mogaka habari za migomba. Kisamaki chake kikigonga kisiki anakiacha kitulie, halafu anavuta taratibu. Bass anaruka nacho. Wanne! Kwa rili niliyomwachia kama mtego!

Mimi nilinasa kitu kimoja: kofia ya Mogaka.

Mogaka akasema, “Edson bana, wewe una-reel ni kama kuna mtu anakufukuza. Hizo samaki hata hazioni hiyo kitu ikipita.” Kisha akasema kiti ni cha Gaudence.

Nilitaka kulia. Tulipofika nchi kavu nililia kidogo, nyuma ya gari, upande usioonekana. Sikulilia samaki. Nilimwona Leonce kanisimamia kichwani.

Jumatano, 27 Machi

Mipango mitatu ya kumkwepa Leonce. Wa kwanza: kuugua. Natalia kakataa kuniandikia ugonjwa. Wa pili: safari ya ghafla ya kikazi. Natalia kasema kaka yake ni kaka yake na hatamdanganya. Wa tatu: kuzima simu. Huu hauhitaji Natalia.

Jumapili, 31 Machi

Nimewasha simu baada ya ibada. Leonce kapiga papo hapo. Nikakaa chini garejini kabla ya kupokea.

Dallas wameshinda. Hilo nililitegemea na lilinichoma. Lakini kumbe Gaudence, alipoulizwa na Leonce nahodha Edson yuko wapi, kasema mbele ya shemeji zangu wote kuwa kweli nahodha ni mimi. Kasema mkono wangu umeumia kwa mazoezi, nikamwachia kiti kwa hiari, na rili aliyoshindia ni yangu, nimempa mwenyewe. Leonce sauti ilikuwa nyingine kabisa. Akasema, “Shemeji, kumbe wewe ni mtu na nusu.” Nilisikia haya, tena nyingi. Karibu dakika nzima.

Natalia kasema hakuna ndugu anayeweza kunifanyia vile, nimpigie Gaudence sasa hivi.

Nimefikiri kwa utulivu. Mchaga hakusifii bure. Anataka nibweteke, niache mazoezi. Na ushahidi uko wazi: kashinda kwa gia ya nane. Kwa hiyo kasi haikuwa kosa, ila haikutosha. Nimeagiza ya tisa. Nimemwambia pia Leonce awalete wote Oktoba, nahodha atavua kwa mkono wake mwenyewe. Kafurahi sana. Ataleta na wazee.

Natalia kauliza tena kama nimeshampigia Gaudence kumshukuru. Nimemwambia nitamshukuru nikishamshinda.