Koti la Mikono ya Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Nimeduwaa. Kinyozi, wembe ukiwa shingoni mwangu, kaniarifu kuwa binadamu hutumia fungu moja tu kati ya kumi ya ubongo wake. Kasikia redioni. Mafungu tisa hulala fofofo mpaka kaburini. Nikashtuka, nikakatwa. Kumbe maisha yote nimebeba wavivu kichwani, na kuwavalisha kofia!

Habari imekuja wakati wake. Jana binti yangu, mwenye duka la ushonaji, alinikalisha kitako. Kwa upole, na upole wake ndio unaonitisha, akasema nikiharibu nguo nyingine, mkasi wa kukatia utakwenda kwa mumewe, nami nitabaki na vifungo. Vifungo! Mkasi ule ndio kitu pekee nilichotoka nacho kwetu, zamani zile tulipoondoka mbiombio. Nyumba haikubebeka.

Mkwe wangu alikuwa pembeni, akijifanya anatunga uzi kwenye sindano. Ulikuwa umeshaingia.

Jumanne, 4 Machi

Dawa ya kinyozi: mkono usiozoea kazi huamsha waliolala. Nimepiga mswaki kwa mkono wa kushoto. Dawa ya meno imefika puani. Nimekunywa chai kwa kushoto. Shati limekunywa nusu. Mchana nikahisi kitu kinajinyoosha nyuma ya sikio. Binti kasema ni kidonda cha wembe. Haelewi.

Mkwe kauliza kama mkono wa kulia unaniuma. Nikamjibu uko likizo. Zaidi sikusema. Akiijua siri ataamsha mafungu yake, na hata hilo fungu moja alilonalo linanikosesha raha.

Jumatano, 5 Machi

Daktari wa zahanati ya jirani kaleta kitambaa. Anastaafu, keshokutwa jioni anaagwa, anataka koti. Mkwe akasema atakata yeye. Nikamwambia nilianza kukata makoti yeye akiwa bado anakatwa kucha. Binti akatutazama, akanipa chaki.

"Baba, hili la mwisho."

Sikupenda alivyolitamka hilo neno la mwisho.

Nimekata kwa kushoto tupu! Kwa kawaida kitambaa hukunjwa, mikono ya koti ikatoka miwili kwa pamoja, kila mmoja ukiwa kinyume cha mwenzake. Lakini mkono wangu mpya haukuweza tabaka mbili. Nikakata mmoja mmoja, karatasi ya kipimo ikilala vilevile. Imefanana kama pacha. Sijapata kuona mikono inayofanana hivi. Wameamka!

Kushona pia nimeshona mwenyewe. Mkono mmoja uligoma begani. Nikaubembeleza kwa pasi.

Ijumaa, 7 Machi

Msiba.

Daktari kavaa. Kushoto, safi. Kulia, kiwiko cha koti kikatazama mbele, na mkono wake ukaburutwa nyuma, kama anayetaka kumpa mtu kitu kwa siri. Nimemkatia mikono miwili ya kushoto! Mkwe akageukia ukuta. Mabega yakawa yanamtikisika.

Ikabidi nijieleze. Daktari akasikiliza mpaka mwisho, mkono ukiwa bado mgongoni.

"Mzee wangu," akasema, "ubongo unautumia wote. Hakuna kona isiyo na kazi. Si zote kwa mkupuo mmoja, lakini hata usingizini haulali."

Akasema wamekwisha kuupiga picha ukiwa kazini, na kwamba ukijeruhiwa, karibu popote pale, mtu huona upungufu.

Nikauliza, "Wote?"

"Wote."

"Hata nilipokuwa nakata hili?"

"Hata hapo, mzee."

Nikakaa chini. Hakuna akiba! Yaani koti lile nimelikata kwa akili yangu nzima, mimi kamili, bila kubakiza chochote. Nimepokea habari mbaya nyingi maishani. Hii ndiyo iliyonikalisha chini.

Binti akanyoosha kiganja. Nikampa mkasi. Mkwe akakunjua kitambaa kilichobaki, akakata mkono wa kulia. Ukakaa kama ulizaliwa naye. Kisha akaufuta mkasi, akautundika kwenye msumari wangu, si wake. Sikumshukuru. Nitafikiria.

Jumapili, 9 Machi

Vifungo, jana kutwa. Nimetubu: juu ya ubongo, simwamini tena kinyozi.

Leo nimekwenda kunyolewa ndevu tu. Kasikitika sana. Kasema kosa ni la redio, mwenyewe alikuwa na shaka tangu mwanzo. Jambo la hakika, anasema, ni kwamba ubongo una nusu mbili, na kila mtu hutawaliwa na moja. Wakataji wote hodari ni watu wa nusu ya kushoto. Nimepigwa na butwaa. Miaka yote hii nimetawaliwa na nusu isiyo yangu!

Tiba ni rahisi: kuziba sikio la kulia, nusu ile isinzie. Nimeyaziba yote mawili, kwa uhakika. Binti kasimama mlangoni, anazungumza, ananyoosha kidole kwenye masikio yangu, kisha kwenye msumari. Pamba imekaza, sipati hata neno. Bila shaka ananirudishia mkasi.