Mtumiaji wa Pili wa Zumari

Habari iliyoitibua kahawa ya alasiri ile ilitoka kwenye simu ya jamaa aliyeitwa Vifurushi. Aliisoma mara ya kwanza kimya, akaisoma tena huku midomo ikimcheza, kisha akakiweka kikombe chake juu ya benchi kwa utaratibu wa mtu anayemlaza mtoto.

"Wanaiondoa Zumari," akasema.

"Nani kafa?" akauliza Shangazi, mwenye birika na mwenye benchi.

"Hajafa mtu, Shangazi. Ni lugha."

"Ebo! Mimi nilishaanza kutafuta ushungi."

Mchana Vifurushi alikuwa karani wa bohari. Jioni alikuwa miongoni mwa watu wa kujitolea, waliotapakaa duniani, wanaoutunza mfumo huria wa kompyuta, ule autumiao mtu bila kulipa na ambao yeyote ana ruhusa ya kuufumua na kuushona upya. Wenzake walifungasha programu za kuandikia barua na kutazamia picha. Yeye alijitwika lugha za programu zilizotupwa na waliozizaa; akazipangusa vumbi na kuzitia katika vifurushi, ili atakayezihitaji azisakinishe kwa amri moja. Katika hizo zote, kipenzi cha moyo wake kilikuwa Zumari.

"Tangazo lenyewe linasemaje?" akauliza Spana, fundi pikipiki, ambaye mikono yake haikuwahi kuonekana bila grisi wala ulimi wake bila mzaha.

"Kifurushi ambacho mashine za makao makuu ya mfumo hazitaweza kukijenga upya kufikia kesho, kitaachwa nje ya toleo jipya."

"Si ukijenge, mzee? Unatulilia sisi?"

"Nikijenge kwa kutumia nini? Lugha ina mkalimani wake, ile programu inayogeuza maandishi ya mtu yawe maneno ya mashine. Na mkalimani wa Zumari ameandikwa kwa Zumari."

Spana akatua kikombe. "Ngoja, kaka, ngoja. Ili umpate mkalimani, unahitaji mkalimani?"

"Wa zamani. Ndiye anayemzaa mpya."

"Haya, wa zamani yuko wapi?"

Vifurushi akavitazama viatu vyake. "Nimemfuta."

"Umemfanya nini?"

"Nilikuwa nasafisha! Nilimpeleka mpya makao makuu, akakalia nafasi ya wa zamani, maana ghala lao halitunzi wawili. Nikafuta na kwangu, kompyuta ipumue. Kumbe mpya ana ila. Anatafsiri kila kitu isipokuwa yeye mwenyewe."

Spana akajipiga paja, grisi ikaongezeka kwenye suruali. "Aisee! Umefungia ufunguo ndani ya nyumba, ukaibomoa nyumba, sasa unamlaumu aliyetengeneza kitasa!"

"Mwache mwenzio," Shangazi akamkemea. "Mwanangu, hiyo lugha yako inatumiwa na wangapi?"

"Wawili."

"Elfu mbili?"

"Wawili, Shangazi. Kompyuta zilizo tayari kuhesabiwa hujitangaza kila zinapowashwa na kuzimwa. Mmoja ni mimi."

Spana alicheka hadi akashika nguzo. "Wawili! Hata timu ya bao inahitaji mtazamaji! Bwana wee, mpigie huyo mwenzako simu, mwambie msiba upo, mgawane machozi!"

Lakini Vifurushi hakucheka. Huyo wa pili ndiye aliyekuwa taa ya jioni zake. Hakumjua jina wala nchi, ila alimjua kwa sifa. Alipotoka bohari mgongo ukimuuma, akakuta kwenye hesabu kwamba wa pili bado yupo, alikaa chini akafanya kazi kwa furaha kana kwamba mgeni anamsubiri sebuleni.

"Ni msomi," akasema polepole. "Nadhani ni profesa. Anashikilia toleo la kale kabisa. Hababaishwi na mapya. Huwasha asubuhi, huzima jioni, mtu wa nidhamu. Na Jumatatu hawashi kabisa. Naamini hufunga saumu. Sasa kesho nitamwambia nini mtu wa namna hiyo? Kwamba nilikuwa nasafisha?"

Spana akakichukua tena kikombe chake, akapiga funda.

Ndipo Wembe, kinyozi wa chumba cha pili, akatokea mbiombio, taulo begani na povu kwenye vidole. "Shangazi, nusu kikombe, nina mteja kitini. Mbona mmenuna?"

"Profesa wa Vifurushi anafiwa na lugha," akasema Spana, kisha akasita. Akamtazama Wembe. Akaitazama taulo. "Hebu niambie, Vifurushi. Huyu msomi wako hawashi Jumatatu tu?"

"Jumatatu tu."

"Anafungua asubuhi, anafunga jioni."

"Ndiyo."

"Na anatumia kitu cha kale, haambiliki."

Shangazi aliacha kumimina. Mtaa mzima vinyozi hupumzika Jumatatu. Na mtaa mzima ulijua kompyuta ya Wembe, ile inayopiga muziki juu ya kabati la mafuta, ambayo mwenyewe alikataa katakata kuisasisha, akidai kwamba kitu kinachoimba vizuri hakibadilishwi koo.

"Wembe," Vifurushi akasema, "ile kompyuta, nani alikusakinishia mfumo?"

"Si wewe? Ukakaa siku nzima unajaribu makorokoro yako, ukanichelewesha wateja."

Spana akaanguka kwenye benchi. "Profesa huyo! Simameni! Profesa wa ndevu!"

Uso wa Vifurushi ulishuka kama pazia lililokatika kamba. Miaka yote ile, mgeni wa sebuleni alikuwa kabati la mafuta ya nywele. Lakini mara akainua kichwa. "Toleo la kale... Wembe! Mkalimani wa zamani yumo kwako! Hujaigusa, sivyo?"

Wembe akajikuna kwa kidole chenye povu. "Hapo sasa. Mmenitukana mshamba mpaka nikachoka. Leo nimebonyeza sasisha."

"Ya Rabi!"

"Imeuliza swali, nikaona nije kwanza kunywa..."

Hakuna aliyesikia mwisho wa maneno hayo. Vifurushi alitangulia, Spana nyuma yake, Shangazi na birika lake na kikombe cha Wembe mkononi. Ndani ya chumba cha kinyozi, mteja mwenye povu nusu ya uso alikuwa ameshainuka kitini, kidole hewani juu ya kibodi.

"Hii kitu inauliza kama iendelee," akasema kwa ukarimu. "Niwaitikie ndiyo?"

"Usiguse!" wakapaza sauti kwa pamoja, na mtu yule akaketi upesi kama aliyetekenywa na umeme.

Vifurushi alisimama mbele ya kioo cha kompyuta akihema. Yeye aliyehubiri kusasisha katika vijiwe vyote, yeye aliyewaita wengine wavivu wa kubonyeza, alichagua Hapana. Kisha akafungua ghala la ndani, na mkalimani wa zamani alikuwa pale, mzima, hajaguswa na mtu. Akamnakili, akatuma, akakaa kwenye kiti cha wateja kungoja. Jibu la makao makuu lilipofika, Zumari ilikuwa imejengwa, na nafasi yake kwenye toleo jipya imethibitishwa.

"Sasa utamfanyia nani kazi jioni," Spana akachokoza, "na profesa hayupo?"



"Nani kasema hayupo?" Wembe alinyoosha shingo, akaitandaza taulo begani kama joho. "Mimi hapa ni nusu ya watumiaji wote wa Zumari ulimwenguni. Na nusu ya ulimwengu haijamaliza kahawa yake. Nenda ukailete, karani, na uniletee kwa adabu."

Mteja akacheka, povu likaruka. Vifurushi akainuka, akakipokea kikombe kutoka kwa Shangazi, akakileta kwa mikono miwili.

"Karibu, profesa," akasema. "Ukiona kasoro yoyote kwenye lugha, uniambie."

"Kasoro ninayo," akajibu Wembe, akinywa. "Hivi hiyo Zumari inafunguliwa wapi?"