Mkasi Uliogoma Kubanduka

Jumatatu, 4 Machi
Mama mwenye karakana ametangaza: Ijumaa anachagua mkataji mkuu. Kila mtu atakata suruali ya bwana harusi mmoja mbele yake. Tuko wawili. Mimi, mwenye kipaji. Na Kidevu, aitwaye hivyo kwa kuwa kidevu chake hufika kazini kabla yake. Anakata vizuri, sikatai. Lakini cheo hiki nimekisubiri hadi mvi zimeniota. Nina mpango.

Jumanne, 5 Machi
Nimezungushia tupa kuukuu ya kunolea waya wa shaba mpaka vidole vimechubuka. Nimeifunga chini ya meza ya kukatia, ncha imetokeza kwenye tundu, juu nimefunika kitambaa. Betri ya pikipiki chini, swichi sakafuni. Nikikanyaga, mkasi unang'ang'ania meza. Nikiachia, unaachia. Kidevu atauvuta kama anayeng'oa jino!

Shemeji, fundi redio, kasema nitumie msumari laini. Eti tupa ni chuma kigumu, hata umeme ukikatika hubaki na sumaku. Nikamwambia asinifundishe kazi. Wivu unamla.

Jumatano, 6 Machi
Kidevu kaenda chai. Nimejaribu kwa mkasi wake. Nimekanyaga: umeshika. Nimeachia: bado umeshika. Nimeubandua kwa mikono miwili. Sasa mkasi wenyewe unazoa pini. Bora. Atajichoma.

Ijumaa, 8 Machi
Siku nyeusi. Kaanza Kidevu. Nimekanyaga swichi hadi mguu ukafa ganzi. Bure. Kumbe yule bwana haweki mkasi chini mpaka kitambaa kiishe! Alipomaliza kauinamisha sakafuni, pini zikaurukia. Mama, ambaye kila siku anapigia kelele hizo pini, kacheka mpaka kashika ubavu.

Zamu yangu. Nimekata nusu, nikaweka mkasi mezani nifute jasho. Mimi huuweka kila mara. Nikauweka palepale. Swichi hakuna aliyeigusa, naapa, na bado uligoma kubanduka. Mama kaniuliza nasubiri nini. Nikavuta kwa hasira. Ukachomoka ghafla, ukapasua mguu wa suruali toka gotini mpaka kiunoni. Betri nayo ikaanguka. Mama kainama kuchungulia chini ya meza. Kaufuata waya kwa kidole mpaka kwenye swichi.

Jumamosi, 9 Machi
Kidevu ndiye mkataji mkuu. Mimi nimeachiwa mkasi wangu, ambao nao sasa unanasa pini, nitambae chini ya meza nizikusanye. Kidevu kapita, kaniambia pole kaka, kisha kanionyesha kwa kidevu pini moja niliyoiruka. Iliniuma kuliko pini yenyewe.

Nimewaza sana huku chini, na kosa nimeliona. Tupa ilikuwa ndogo. Shemeji anayo kubwa zaidi, nene, ngumu kweli. Nimeiomba, kakataa, kaanza tena habari za msumari. Wivu tu. Kesho anakwenda msibani, nami najua anapoficha ufunguo.