Mgongo Wangu na Kuni za Gwaride

Jumatatu, 12 Mei
Jumamosi ni Siku ya Taifa hapa Norwei. Gwaride la watoto litapita mbele ya ua wetu, na kijiji kizima kitaangalia rundo langu la kuni, kisha la jirani yangu Sigbjørn, maana huku mwanamume hupimwa kwa kuni zake. Lake limeshasimama. Limenyooka mno. Mtu mwaminifu hapangi kuni hivyo! Zangu bado zimetapakaa nyasini. Nimeinama mara moja tu, mgongo ukalia kah! Nikautukana. Nikaupiga ngumi. Umezidi kuuma.

Jumanne, 13 Mei
Mke wangu Gunnvor kanipeleka kwa mtaalamu wa viungo, binti aitwaye Synnøve. Nilitaka dawa ya kuchua. Yeye kaniambia niweke mkono panapouma, nipumue taratibu, niseme na mgongo kama na rafiki aliyeumia. Niuambie pole! Nikamuuliza kama ana undugu na Sigbjørn. Kasema hana, ila alichelewa kidogo kujibu. Njama hii. Nikikaa kuubembeleza mgongo, kuni atapanga nani?

Jumatano, 14 Mei
Wazo! Nitauhadaa. Asubuhi nzima nimekaa kitini, mkono kiunoni, nauita mpenzi, nauahidi mapumziko. Gunnvor kauliza kwa ukali kutoka jikoni nazungumza na nani. Nikamwambia mgongo. Kasema yeye hajawahi kuitwa mpenzi tangu tuoane. Mchana mgongo ukalegea kabisa, mjinga wa watu. Nikauvizia: nikatoka mbio, nikanyakua gogo. Ukaniangusha palepale!

Sigbjørn karuka ua. Kachuchumaa kando yangu, kaweka mkono kiunoni mwangu, kanong'ona: pole mzee, pole, umebeba mengi. Sijui alikuwa ananiambia mimi au mgongo.

Alhamisi, 15 Mei
Kitandani. Siwezi hata kumshuku mtu bila kuumia. Kwa kukosa la kufanya nimeweka mkono pale, safari hii bila hila. Nimesema pole. Nimekumbuka magogo yote uliyonibebea, na binti yetu alivyokuwa akiupanda alipokuwa mdogo. Machozi yakanitoka. Bahati Gunnvor alikuwa dukani. Maumivu hayakuondoka, lakini yalisogea kando nikalala usingizi mzuri.

Ijumaa, 16 Mei
Nimefika dirishani. Kuni zangu zimepangwa, zote! Kumbe Sigbjørn alizipanga jana nikiwa usingizini. Gunnvor kasema huo ndio ujirani, nimkaribishe kahawa. Nikachukua darubini kwanza. Nilijua tu! Kazipanga gome chini! Ukoo wetu hupanga gome juu, mvua iteleze. Kesho kijiji kizima kitadhani nimehamia upande wa akina Sigbjørn. Gunnvor kaapa kwamba nikizigusa nitalala nazo nje.

Jumamosi, 17 Mei
Niliamka kabla ya Gunnvor. Kwanza niliushika mgongo, nikaushukuru, nikaueleza kwa upole kwamba ni vipande vichache tu vya kugeuza. Ukanyamaza. Nikadhani umekubali.

Naandika nikiwa chali nyasini, kuni zimenizunguka pande zote. Gwaride limepita. Matarumbeta yalisita, watoto wakanipungia bendera, nami nikapunga mkono. Sasa naona Sigbjørn anakuja na kahawa, uso umejaa huruma. Nimeelewa yote. Ile Jumatano, alipouinamia na kuunong'oneza! Mgongo uko upande wake.

Basi. Siuambii siri tena. Kesho natumia magoti. Hayo hajaongea nayo bado.