Mkono wa Mtu wa Hama

Irbid, Jumamosi, 5 Aprili 2025

Miaka arobaini na mitatu na miezi miwili tangu nitoke Homs, mji wetu ng'ambo ya mpaka. Barabara sasa imefunguka. Dada yangu Wahiba, aliyebaki peke yake kati ya ndugu zangu, bado anaishi katika nyumba ya baba. Mwezi wa tano mwanawe anampeleka Ujerumani na nyumba inauzwa. Gari letu linaondoka tarehe 19. Binti yangu Sulafa, mfamasia, ameweka sharti: hadi siku hiyo sukari yangu isipite 180, ama sivyo nabaki. Amenibandika kihisi mkononi, kidogo kama kifungo cha koti. Kina uzi mwembamba uliopakwa kimeng'enya, unaoonja maji ya chini ya ngozi. Kila dakika namba inafika kwenye simu yangu, kisha kwenye simu yake. Nilifundisha kemia miaka thelathini. Leo kemia inanichongea!

Jumatano, 9 Aprili

Kesho ni Alhamisi ya Halawa, siku ya Homs ya kuwakumbuka marehemu kwa vitamu. Mtu wa Homs asipokula halawa siku hiyo, hata marehemu wake humnunia. Nimepata njia. Simu ikiwa mbali, kihisi hakina wa kumwambia. Simu itabaki kitandani. Rahisi!

Alhamisi, 10 Aprili

Vipande vinne, vyeupe na vya waridi, nimesimama mlangoni kwa muuzaji. Machozi yalinitoka. Ufuta, bila shaka. Nikatembea saa mbili ili namba ishuke, nikarudi nyumbani kifua mbele. Kumbe kihisi kinakumbuka saa nane nzima! Kilipoikaribia simu kilitapika yote: 264. Sulafa alipiga kabla sijavua viatu. Nikasema ni machungwa. Akauliza tangu lini machungwa yanauzwa dukani kwa Abu Shafiq wa halawa, maana huyo ni mteja wake na ameshampigia. "Mara moja nakusamehe, Baba. Ya pili hupandi gari."

Jumamosi, 12 Aprili

Jirani yangu Abu Ghiyath ni mtu wa Hama, mji jirani na watani wa Homs. Mwembamba kama ufito, chai yake haina sukari. Kitanda chake na changu vimetengwa na ukuta tu, na simu yangu inakipata kihisi hadi kwake. Sulafa nimemwambia kihisi kimebanduka bafuni, nimeweka kile cha akiba. Sikumwambia nimekiweka kwa nani. Abu Ghiyath alicheka hadi akakohoa. Alisema katika mizaha yao siku zote wamesikia wazimu wa watu wa Homs ni wa Jumatano, hawakujua kwamba siku hizi unafika hadi Jumamosi. Alikubali kwa sharti moja: nikiri kwa kinyozi, mbele ya watu, kwamba halawa ya jibini, ambayo miji yetu miwili inaigombania, asili yake ni Hama. Nimekiri. Kwa sauti! Wazee wangu waliozikwa Homs wanisamehe.

Jumapili, 13 Aprili

Alfajiri: 291. Saa mbili: 318. Nikajua amekula ili kunikomoa. Nikagonga ukuta, nikamwita msaliti. Akajibu kwa sauti ndogo kwamba tangu jana hajala kitu, ana kiu tu, mtungi mzima wa maji ameumaliza.

Kiu. Kukonda. Miaka miwili namwona akikonda, nami namwonea wivu. Nimwite Sulafa, au nikabandue kihisi? Nilifikiri dakika nne. Naandika hapa kwa aibu: nne. Ya tano Sulafa aliingia mwenyewe, insulini mkononi, akanipandisha mkono wa shati. Mkono mtupu. Nikanyoosha kidole ukutani. Akakimbilia kwa jirani. Sitajua kamwe ningechagua lipi.

Jumatano, 16 Aprili

Abu Ghiyath yuko hospitalini. Ni kisukari, na hakujua. Wanawe wamenibusu kichwa, wamesema kama si mwalimu wangemzika. Nilipokwenda kumjulia hali alinikodolea macho: "Mhomsi we! Hata uongo wako unaharibika."

Sulafa hakunibusu. Alisema aliileta ile sindano kwa ajili ya sukari ya mtu mwingine. "Ningekudunga, Baba. Ungefia mikononi mwangu." Kisha akasema kiti changu garini sasa ni cha mizigo.

Jumamosi, 19 Aprili

Sulafa na wenzake wameondoka bila mimi saa kumi na mbili asubuhi. Alasiri Wahiba akapiga. Amepika majani ya mzabibu, sahani yangu iko mezani, niko wapi? Nikasema mpaka umefungwa. Akasema mbona Sulafa yuko mbele yake anakunywa kahawa. Nikasema umefungwa baada ya yeye kupita. Wahiba akasema, "Haya, kaka."

Nimetafakari sana. Kosa langu ni moja tu: nilichagua mkono bila kuupima kwanza. Umm Rushdi wa ghorofa ya tatu hufunga kila Jumatatu na Alhamisi; kesho nitazungumza naye. Kwa faida gani, sijui. Nyumba inauzwa. Homs sitarudi.